Niliazima makochi ya jirani ili niuze nyumba, jirani akaja nayo

Wakuu, salaam kutoka Simiyu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Mke wangu ni shahidi, ingawa hapendi niyaseme.

Mwaka jana mke wangu alihamishiwa Bariadi kikazi. Nyumba yetu ilikuwa Maswa, pale Binza. Tulijaribu kuishi mbalimbali na watoto wadogo, tukashindwa. Tukaamua kuuza.

Mke wangu akachukua likizo akarudi Maswa, dalali akaja kukagua. Akasimama sebuleni, akaguna.

"Mkuu, nyumba nzuri, ila sebule imepooza. Wateja wa siku hizi wanataka wakiingia wajione tayari wanaishi humu."

Kazi ikaanza. Tukapaka rangi. Magunia ya mpunga yakatoka sebuleni. Kuku wakahamia kwa jirani. Ukuta wa chumba cha pili ulikuwa na unyevu, tukausogezea kabati. Kwenye ufa wa korido tukatundika kalenda, tena ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Yakabaki makochi. Yangu yalishatoa spring nje.

Huyo jirani, Mzee Luhende, ana makochi mazuri, rangi ya cream. Ni mstaafu, alikuwa mpima pamba, na mke wake alikuwa Mwanza kwa binti yao aliyejifungua. Nikamwomba makochi, akakubali bila neno. Tukayabeba yote.

Sikujiuliza mzee mwenyewe atakaa wapi.

Kesho yake saa nne asubuhi akaingia kwangu na redio yake na kikombe. Akakaa kwenye kochi lake.

"Endeleeni tu na kazi zenu," akasema.

Ungemwambia nini? Makochi ni yake.

Wateja wa kwanza walikuwa vijana, mtu na mkewe. Mzee akawakaribisha, akauliza ukoo, kumbe anamjua babu wa yule kijana. Wakanywa chai ya mke wangu, wakapiga stori masaa mawili, wakaaga. Vyumba hawakuona hata kimoja.

Na mzee akawapa jogoo wa zawadi. Jogoo wangu, wakuu.

Wa pili alikuwa Mama Kulwa, muuza mchele wa Kalemela. Dalali akanikonyeza: huyu yuko serious.

Mama akamwamkia mzee, akauliza huyu ni nani. Dalali, sijui nini kilimpata, akajibu, "Ndiye baba wa mwenye nyumba."

Mama Kulwa akamgeukia. "Baba, nyumba haina tatizo?"

Mzee akazima redio. Hapo nikajua tumekwisha.

"Lipo, ng'wanawane, mwanangu. Njoo."

Akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Likamshinda, akaniita nimsaidie kusukuma. Nikasukuma! Akabandua kalenda. Akampeleka chooni, akamweleza jinsi shimo linavyojaa masika.

"Ila msingi ni imara," akasema. "Nilikuwepo unachimbwa."

Mke wangu alikuwa jikoni ameuma kanga, sijui ni kicheko au kilio.

Mama alipoondoka nikamvuta mzee pembeni. "Mzee, mbona unaniharibia?"

Akanishangaa kweli kweli. "Ameniuliza. Mimi nimepima pamba za watu maisha yangu yote, leo nidanganye kwa ajili ya kabati?"

Siku nne kimya. Dalali hapokei simu. Mke wangu akaanza kuandika barua ya kuomba arudishwe Maswa. Nilikuwa nalala vibaya, na kila nikiamka nakuta mzee kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari.

Siku ya tano Mama Kulwa akarudi na fundi wake. Akasema ameshaona nyumba sita, na zote aliambiwa hazina tatizo hata moja, ndiyo maana akaogopa. Akaomba nipunguze kidogo kwa ajili ya ukuta na choo. Nikakubali haraka.

Akabakiza swali moja. "Yule baba, mnahama naye?"

Nikaona bora nimalize uongo wote siku hiyo hiyo. "Mama, yule siyo baba yangu. Ni jirani. Yeye anabaki hapa."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Basi tuandikishane leo."

Sasa hivi tumepanga Bariadi na sisi ndio tunatafuta nyumba. Jumamosi dalali alinionyesha moja, finishing safi, akaapa haina shida yoyote.

Nikamwacha sebuleni. Nikatoka nje, nikagonga geti la pili.

Nilichojifunza wakuu: mwenye nyumba atakuonyesha rangi, matatizo muulize jirani.

Nyie mkienda kuangalia nyumba mnaanzia wapi? Na mwenye nyumba Bariadi yenye jirani asiyejua kunyamaza, aje PM.