Kapteni wa Kiplombe

Walubengo hutengeneza baiskeli nje ya posho mill ya Murunga, tunaposagisha mahindi hapa kwetu Kiplombe, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Kapteni. Jina alilipata kwa zile filamu za mzungu mwenye kovu shavuni anayerusha chombo chake katikati ya nyota. Nne zilikuwa zimefika Eldoret na Walubengo alikuwa ameziona zote, zingine mara tano. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye benchi la posho mill akatuhadithia sisi tusioenda sinema. Kiingereza chake hakizidi changu, nami niliishia darasa la saba, lakini hajawahi kukosa kujua Kapteni alisema nini. Hata alichofikiria tu, Walubengo alikijua.

Mwaka wa themanini na nne tangazo la filamu ya tano likabandikwa mjini. Walubengo akasema hakuna mtu wa Kiplombe ataingia kuiona bila kujitayarisha. Jumapili tatu alituhadithia zile nne upya, akituuliza maswali kama watu wa katekisimu. Muthoni muuza mboga, Mkikuyu mwenzangu, alisahau ni katika sayari gani Kapteni alimzika mama yake, akahamishwa nyuma ya benchi. Hayo mazishi ndiyo Walubengo aliyapenda kuliko yote. Akifika hapo sauti inakatika, anapangusa macho kwa kitambaa cha grisi, na sisi tunatazama chini kwa heshima, au tunajifanya.

Picha ya tangazo ilikuwa ya kijana asiye na kovu. Walubengo akasema huyo ni msaidizi.

Jumamosi mchana tukaenda watu tisa, mimi na mtoto mgongoni. Tukasimama kwa wimbo wa taifa, tukakaa. Kijana wa kwenye picha akatokea, akajitambulisha kwa jina la Kapteni, lile lile, hata mimi nililisikia. Walubengo akatuambia anadanganya, tungoje atashikwa. Hakushikwa. Akaingia nyumbani kwao, na jikoni alikuwepo mama yake, mzima, mnene, anakaanga mayai. Yule yule tuliyemlilia Jumapili tatu.

Murunga alikuwa ameketi nyuma yetu. "Kapteni," akasema, "mama amefufuka lini? Hata hukutuambia tulete sukari."

Sinema yote ikacheka, hata watu waliotoka Turbo, wasiotujua.

Nje, Jelagat, msichana wa Form Three, akatueleza alivyoelewa yeye. Wenye filamu wameamua kuanza upya, na zile nne zihesabiwe kama hazikuwahi kuwako.

"Nani amewaruhusu?" Walubengo akamuuliza.

Wiki iliyofuata tulisikia mengi. Kwamba filamu ya kweli imefichwa Nairobi. Kwamba yule kijana ana nywele za weita wa baa. Kwamba yeye Walubengo hawezi kuitazama tena hata akibebwa. Lakini mara tatu nilipita saa nane mchana nikakuta amefunika vifaa vyake kwa turubai, na mara tatu alirudi jioni akitoka upande wa mjini, uso umevimba kwa hasira, na chuki mpya za kutuhadithia.

Kilichomuumiza hasa ni Murunga. Murunga alianza kumwita Walubengo. "Walubengo, nipigie pampu." Wengine wakafuata, halafu na watoto. Ni jina lake la kuzaliwa, hakuna tusi ndani yake, lakini kila akiitwa hivyo alikuwa anainama zaidi juu ya gurudumu. Jumapili benchi lilikaa tupu, na yeye kando yake.

Nilimhurumia. Siku moja nikingoja unga, mtoto alilia, nikamwambia, "Njoo baba, nyonya." Walubengo akanitazama. Nikamweleza kwamba huyu ni Gichuru, amepewa jina la baba ya mume wangu, kwa hivyo namwita baba. Mtu asiyejua desturi yetu angesikia Gichuru ni mzee, halafu Gichuru ananyonya, aseme mzee ameanzwa upya.

"Pengine hata huko kwa nyota wanaitana hivyo," nikasema, macho yangu kwenye debe la mahindi.

Spana yake ilibaki hewani.

Jumapili akasimama mbele ya benchi, shati limepigwa pasi. "Hamkuelewa filamu," akasema. "Yule ni mjukuu."

Mjukuu amepewa jina la babu. Na mama wa mayai ni mke wa mtoto wa Kapteni, mwanamke mwingine kabisa. Jelagat akafungua mdomo, lakini Murunga, ambaye kifungua mimba wake ana jina la babu yake, akamwambia anyamaze, hata kwake yeye Murunga ni hivyo.

"Na mzee mwenyewe yuko wapi?" Murunga akauliza.

"Amestaafu. Analima."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jambo la maana.

"Haya, endelea, Kapteni," Murunga akasema.

Walubengo akanyoosha mgongo, akaendelea. Mtoto wangu akalia kidogo.

"Mama Gichuru," akaniambia, "rudi nyuma na huyo mtoto. Hapa tunaeleza mambo magumu."

Nikarudi nyuma, karibu na Muthoni. Walubengo alikuwa anamweleza Muthoni, polepole na kwa sauti kubwa, jinsi Wakikuyu wanavyopeana majina.