Chumvi Yenye Wazazi

Napika sabuni hapa Cibitoke tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Shule niliiacha mapema, na nyumba yangu niliijenga bila kumwomba mtu hata tofali moja. Hilo nalisema wazi.

Siku ile mawese yote tuliyokuwa nayo yalikuwa ndani ya pipa, yameshachemka na soda kali ya kupikia sabuni, yamekuwa uji mzito. Kilichobaki ni chumvi. Ukiimwaga, sabuni hupanda juu na maji machafu hubaki chini. Bila chumvi, una uji ambao hakuna anayeununua. Gunia langu lilikuwa tupu. Madukani nako hakuna, maana boti la Kigoma lilikuwa halijafika bandarini.

Jirani yangu, anayetengeneza ngozi za mbuzi, akaniletea ndoo ya shabu iliyopondwa, nyeupe kabisa. Yeye huiita chumvi ya ngozi. Nikainua ndoo.

"Papa, ngoja," akasema binti yangu, anayesoma kemia huko lise, shule ya sekondari. "Hiyo wazazi wake ni nani?"

"Chumvi iko na wazazi? We mutoto, umeshinda na njaa?"

"Iko nao, papa. Asidi na besi. Mwenye nguvu ndiye anaamuru mu maji. Chumvi ya chakula, wote wawili wako na nguvu, hakuna anashinda, maji inabaki katikati. Hata sabuni yako ni chumvi. Soda iko na nguvu, asidi ya mafuta ni dhaifu, ndiyo maana maji yake inafuata besi. Lakini shabu, asidi yake ni ile ya betri, besi yake dhaifu. Itavunja sabuni."

Jirani akacheka. "Mzee, leo umepata mwalimu."

Nikachota uji kikombe kimoja, nikatia shabu. Ukakatika kama maziwa yaliyoharibika, mafuta yananata juu. Nikairudisha ndoo.

Kuni zilikuwa zinaisha. Nikachukua sufuria, mimi mwenyewe, nikabisha mlango kwa mlango kuomba chumvi.

"Baba, unapika ng'ombe muzima?" mama mmoja akauliza, akinipa kijiko.

"Nipe tu, mama."

Niliporudi, chumvi haikufunika hata kitako cha sufuria. Binti yangu akaimwaga, akakoroga. Pembeni yakatoka maji kidogo. Katikati, uji ulibaki uji, na moto ulikuwa unazama kwenye majivu.

Nikachukua sufuria tena, nikaelekea mtaa wa pili, ambako hakuna anayenijua.