Salamu Iliyoachwa Dirishani

Juzi nilipanga foleni ya vyeti vya kuzaliwa katika ofisi moja hapa kisiwani. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja, jirani yangu wa mtaa wa Kuze. Alipofika dirishani akasema, "Asalaam aleikum."

Karani, mtu mzima mwenye kofia na ndevu, hakuinua macho. Alikuwa akicheza mchezo kwenye simu, akikimbiza kikaragosi juu ya mapaa ili amalize upesi kuliko jana.

"Asalaam aleikum, mwanangu."

Karani akainua kiganja. "Ngoja mama! Nikiitikia napoteza nusu sekunde."

Nusu sekunde! Sisi tulikuwa tumesimama tangu saa tatu. Kuitikia salamu ni wajibu. Kuvunja rekodi, nani kamtuma? Nilitaka kumfokea, lakini wanaume wa foleni walikuwa wameshasogelea kioo wakipiga kelele, "Ruka! Ruka!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikachungulia. Rekodi ilipovunjika tulipiga makofi sote, isipokuwa bibi.

Karani akatazama saa ya ukutani, akashusha pazia. "Saa saba hiyo. Rudini saa nane."

Bibi akagonga kioo kwa pete yake, taratibu. "Na salamu yangu nayo irudi saa nane?"