Kanga Niliyempeleka Madhabahuni

Mama mchungaji nikimwona anakuja njiani, nainama kufunga kamba za viatu, na viatu sina, basi hapo mjue aibu yangu ilifika wapi. Wenzangu shuleni wameshakisimulia kisa hiki, kila mmoja na chumvi yake, nikaona bora nikisimulie mwenyewe, chumvi niweke mimi.

Nilikuwa darasa la kipaimara, hapa misheni kwetu milimani Iringa, na tulikuwa tumeletewa mchungaji mpya kutoka Rujewa. Alinisikiliza mara moja tu akasema, "Kijana huyu mdomo umetangulia mwili. Asipojirekebisha, kipaimara atangoja mwaka ujao." Mwaka ujao! Mama alikuwa ameshanishonea shati jeupe, na bibi yangu alikuwa ametoka Idodi kwa miguu, na magoti yake yale, kabeba kuku kikapuni wa kuchinja siku yangu, kwa sababu (alisema mwenyewe, huku anacheka) huo mwaka ujao hajui kama atakuwepo kuuona. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kunyamaza mpaka nibarikiwe. Nikashindwa.

Wiki moja kabla ya kipaimara ilikuwa Jumapili ya mavuno, siku ambayo kila mtu hupeleka madhabahuni alichojaliwa. Mwalimu wetu akatuuliza kila mtu ataleta nini. Huyu mahindi, huyu maharage, huyu boga. Zamu yangu ilipofika, mdomo ukajibu kabla sijaushauri: "Mimi nitaleta nyama ya porini, nimeiwinda mwenyewe."

"Wewe, Zaka?" akasema Lutengano, rafiki yangu Mnyakyusa anayetoka ng'ambo ya Mbeya huko. "Panya wa bwenini alikunyang'anya kiazi mkononi, ukalia!"

Darasa likaanguka kicheko. Sasa hapo ningecheka nao yakaisha, lakini nani, mimi? Nikaapa.

Nikamkimbilia mjomba Kalolo, ambaye ndiye mwindaji kwelikweli. Mjomba ana gobore na ana taratibu zake: kabla ya kuingia porini anavua kofia, anapiga magoti, anasali, na mnyama hamtaji kabisa. Akirudi na swala begani hasemi ameua, anasema, "Tumepewa." (Mimi niliona anajisumbua, maana aliyelenga shabaha si yeye?)

"Mjomba kamwene," nikamsalimia Kihehe, "Jumamosi tuwinde, nimeshawaambia watu naleta nyama."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia ugali ulioungua. "Umeshawagawia watu nyama ambayo Mungu hajakuonyesha hata kwato zake? Basi huo mdomo wako ndio ukawinde nao."

Nikaenda peke yangu, na rungu. Ngoja niseme na hili, kwa sababu ndilo lililoniua: kila Jumamosi sisi wa kipaimara hufagia na kukata kuni nyumbani kwa mchungaji, ila tangu huyu mpya ahamie mimi sikuwa nimekanyaga pale, kila Jumamosi tumbo liliniuma, na Jumamosi ile likaniuma zaidi. Wenzangu wakaenda kufagia, mimi nikaenda kuwa shujaa.

Kutwa nzima sikuona kitu. Nikatumbukia kwenye shimo la nungu, nikatoka na goti limechubuka, nyani wakanitazama kutoka mwambani wakisemezana, na mjue wale walikuwa wananisema mimi. Jua likaanza kuzama, baridi ya Juni ikanishika masikio, nikawa narudi nikitunga uongo wa kusema kesho, mara, kwenye shamba la maharage lililokwisha kuvunwa nyuma ya misheni, nikamwona kanga.

Mmoja, mnene, anadonoa. Kanga gani, jamani, anayemwona mtu mwenye rungu asikimbie? Huyu hakukimbia. Alinyoosha shingo, akanijia, akasimama miguuni pangu kama anayeomba kitu. Nikasema moyoni, ameduwazwa na ushujaa wangu. Nikampiga. Mguuni alikuwa na kitambaa chekundu, nikajiambia kapita kwenye miba iliyorarua nguo ya mtu. Mtu akiitaka nyama sana akili humtungia chochote.

Jumapili kanisa lilijaa. Nikapanga foleni na kanga wangu, nimemshika miguu, kile kitambaa kimo ndani ya ngumi. Lutengano aliyekuwa nyuma yangu na boga lake akanivuta shati. "Zaka, rudi. Nakuambia rudi!"

"Wivu huo," nikamjibu.

Mchungaji akauliza, "Umempataje huyu, mwanangu?" Ningesema "nimempata" nikaketi. Lakini akina mama walishaanza vigelegele, nami vigelegele vikinipata sina breki. Nikamgeukia kila mtu nikasema nilimfuata tangu alfajiri, kwamba alikuwa kiongozi wa kundi, mkali, alinirukia usoni (nikaonyesha goti), na nikamnyanyua juu wamwone vizuri. Hapo kitambaa kikaning'inia.

Mama mchungaji akasimama upande wa wanawake, mkono mdomoni. "Baba! Huyo si Bwana Shauri?"

Kumbe mama yule alikuwa ameatamisha mayai ya kanga kwa kuku wake huko Rujewa, akaja na kanga mmoja aliyekulia jikoni, na watoto wakamwita Bwana Shauri, kama yule mkubwa wa serikali wilayani, kwa vile anavyotembea uani shingo juu akikagua kazi za watu. Darasa zima la kipaimara lilikuwa linamjua. Kasoro mwenye tumbo.

Nyuma kabisa mzee mmoja asiyesikia vizuri akauliza kwa sauti, "Bwana Shauri kauawa? Na nani? Tukimbie?"

Kanisa likavunjika mbavu. Mchungaji peke yake hakucheka. Nikaliona shati langu jeupe likirudi sandukuni.

Ndipo bibi akainuka. Alitembea polepole mpaka mbele, kamkumbatia kuku wake wa kipaimara (alikuja naye kanisani kwa kuogopa wezi), akampa mama mchungaji mikononi. "Huyu hajui kukagua, mama, ila anataga. Mtoto ni wetu, na upumbavu wake ni wetu." Kisha akanishika sikio, kwa upole tu, akanirudisha kwenye benchi. Mengine yote maishani niliyacheka, hapo nililia.

Wiki ile nilifagia kwa mchungaji kila asubuhi. Jumapili ya kipaimara ikafika, nimo foleni na shati langu, hakuna aliyeniambia kama nitabarikiwa. Wenzangu waliulizwa amri na sala. Mimi mchungaji akaniambia, "Zakaria, yule kanga ulimpataje?"

Nikajibu, "Alinijia mwenyewe, baba mchungaji, alidhani nina mahindi."

Mchungaji akauma midomo, mabega yakamtikisika, akainama, akaniwekea mkono kichwani. Nje tulikula maharage matupu, na bibi alikula kwa furaha kuliko wote.

Porini naenda bado, ila na mjomba, na kazi yangu ni kubeba kibuyu cha maji. Na nimeapa, tena safari hii kimoyomoyo: nikimwona kanga asiyekimbia, kwanza nitauliza anaitwa nani.