Vifaranga, Plagi za Bei na Mlima wa Ndabibi

Safari hii niliianza kwa kiburi, na afadhali niseme hivyo mapema. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimepeleka vifaranga wa siku moja kwa kikundi cha akina mama wanaoishi vilimani juu ya Ndabibi, na gari likanishinda njiani. Lilikohoa, likaishiwa nguvu, likazima katikati ya ukungu. Kabla sijapata watu wa kunisukuma, vifaranga kumi na tisa walikuwa wamekufa kwa baridi. Hakuna aliyenifokea. Mama Chebet, mwenyekiti wa kikundi, aliokota wale waliokufa mmoja mmoja akawaweka kwenye ndoo, kisha akaniambia kwa upole kwamba watanijaribu mara moja tu zaidi. Nikiwaangusha tena, watatafuta mtu mwingine. Wateja wa kila mwezi kama hao sina wengine, na nilirudi nyumbani Kiamunyi nikiwa na hasira hata na usukani.

Mume wangu, Baba Wambui, alisema nimpelekee fundi gari asafishe plagi, yaishe. Mimi nikaenda dukani mjini Nakuru. Kijana wa duka alinionyesha plagi zilizolala kwenye kipakiti chake kama pete za harusi, na bei yake ilikuwa mara sita ya zile za kawaida. Kando yake akaweka filta ya hewa nyekundu, ya mviringo, ambayo alidai hutumiwa na magari ya mashindano.

"Mathe, ukifunga hizi, mlima utaskia tu ni kama tambarare," akaniambia.

Nilinunua vyote kwa pesa nilizokuwa nimeweka za tangi la maji. Baba Wambui aliisoma risiti akiwa ameisogeza karibu na pua, kwa sababu macho yake yamedhoofika na hata kuendesha ameacha, kisha akasema gari letu ni steshenwagoni la kubeba vifaranga, si ndege. Tulinuniana siku tatu.

Saa kumi na moja alfajiri, Kiamunyi. Kununiana au kutonuniana, Baba Wambui alikuwa ameshaamka kunichemshia maji. Hiyo ndiyo kazi yake katika biashara yetu, na huifanya bila kukosa. Hujaza maji moto kwenye chupa nane za soda zile kubwa, huzivalisha mikono aliyoikata kutoka sweta zake kuukuu, kisha huzipanga nyuma ya gari ili makatoni ya vifaranga yakae katikati. Hita ya gari haijawahi kutusaidia. Tangu tulinunue inapuliza hewa ya friji. Wala hatukuwahi kulalamika, kwa sababu mshale wa joto kwenye dashibodi nao haujawahi kupanda, na Baba Wambui hujivunia sana jambo hilo. Majirani wakisimulia jinsi magari yao yalivyochemka barabarani, yeye hukunja mikono na kusema letu halijui kuchemka.

"Ya sweta ya kijani weka kando ya mlango," akaniambia asubuhi hiyo, yakiwa maneno yake ya kwanza kwangu katika siku hizo tatu. "Hiyo ndio hukaa na joto."

Saa kumi na mbili nilichukua vifaranga mia tatu mjini, makatoni matatu yenye matundu, nikashika barabara kuu. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai huku kwetu haina adabu. Hadi Mbaruk gari lilikwenda vizuri nikaanza hata kuimba. Nilijiambia kwamba kitu kizuri ni kitu kizuri, na kwamba wanaume hupenda kufunga magari yao kwa waya halafu wakaita hiyo akili.

Baada ya Elementaita barabara ikaanza kupanda, na wimbo ukakatikia hapo. Gari lilishtuka mara mbili, likakohoa kikohozi kile kile cha wiki mbili zilizopita. Nilirudisha gea, nikakanyaga, na bado lori lililojaa kabichi likanipita taratibu, dereva akinitazama kwa huruma. Nyuma yangu vifaranga walikuwa wakilia kwa sauti kali. Aliyewahi kuwafuga anajua kwamba kifaranga mwenye joto hunyamaza, na anayelia hivyo anaona baridi.

Nilifika Kikopey nikiwa nimekaza meno. Wenye bucha walikuwa ndio kwanza wanawasha moto na kutundika mbuzi. Mama mmoja wa hoteli alikubali kunijazia chupa upya, akaniuliza kama siku hizi watu wa Nakuru wanakunywa soda ikiwa moto. Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Tangi la maji lilikuwa limeenda, Baba Wambui alikuwa amesema kweli, na mlima wenyewe ulikuwa bado mbele.

Kutoka Gilgil kuteremka hadi karibu na Naivasha hakukuwa na shida, maana mteremko hauhitaji plagi. Nilikata kulia, nikalizunguka ziwa upande wa kaskazini kwenye vumbi hadi Kongoni, kisha Ndabibi.

Saa nne nikaingia kwa Mama Chebet. Yeye anaishi huku chini, kwenye tambarare, na mpango ulikuwa nimwachie katoni moja, kisha tupande pamoja na mbili hadi kwa wenzake. Ni mwanamke wa makamo, mkimya, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya pampu ya shamba moja la maua kabla ya kurudi kulima vitunguu vyake. Alibeba makatoni yote akayaweka jikoni karibu na moto, akarudi, akaketi kwenye kiti cha abiria huku injini ikinguruma, akanyoosha viganja mbele ya hita ili aote joto. Akavirudisha haraka.

"Mama Wambui, hii hita iko na shida gani?"

Nikamwambia inaumwa tangu izaliwe. Hakucheka. Aliutazama mshale wa joto, akaniuliza nimetoka Nakuru saa ngapi, kisha akashuka na kufungua boneti. Alishika mpira wa maji wa juu, akashika wa chini; yote miwili ilikuwa vuguvugu tu.

"Hii gari haina thermostat. Kuna mtu alitoa."

Nikalitetea gari langu. Nilimwambia halijawahi kuchemka hata siku moja.

"Itachemka aje? Hata ule moto inafaa kupata, haipati."

Akanieleza bila haraka. Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji ndani ya injini hadi yapate moto, ndipo kifunguke yaende kupoa. Ukikitoa, maji huzunguka na kupoa wakati wote. Injini inaishi kwenye baridi, inakunywa petroli nyingi isiyoungua vizuri, na mlimani inakosa nguvu. Akafungua plagi moja akanionyesha. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, nayo ina siku chache tu.

"Plagi ni mzuri, hakuna mtu alikuibia," akasema. "Hata ungeweka ya dhahabu ingekuwa hivi tu. Hii nyekundu sasa, hii ni ya barabara ya lami. Ona vumbi imepitisha."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba Wambui ana desturi moja ambayo mafundi wote wa Kiamunyi wanaijua: chochote kinachotolewa kwenye gari lake lazima akabidhiwe mkononi, asije akauziwa mali yake mwenyewe. Wiki tuliyonunua gari alikuja nyumbani na kichuma kidogo kwenye mfuko wa nailoni. Alisema fundi amemweleza kwamba ni kifaa cha nchi za theluji, huku kwetu kinaleta kuchemka tu. Alikitia kwenye kisanduku cha dashibodi, na kwa miaka yote hiyo sikukitupa kwa sababu ni yeye aliyekiweka.

Nilikitoa chini ya stakabadhi za bima nikampa Mama Chebet. Alikifuta, akaingia nacho jikoni, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji mekoni. Tuliinama sote wawili tukitazama, vifaranga wakiwa miguuni petu. Maji yalipoanza kuchemka, kile kilango kikafunguka polepole, kana kwamba hakikuwahi kulazwa siku hata moja. Nilimwonea Baba Wambui huruma. Alikuwa ameamka alfajiri miaka yote ile kuchemsha maji, na dawa ilikuwa imelala kwenye gari.

Injini ilipopoa Mama Chebet alikifunga kile kichuma, akapaka silikoni pembeni, akasugua plagi zangu za bei, akazirudisha. Filta nyekundu nilimwomba aitoe, tukarudisha ile ya karatasi niliyokuwa nimeiacha nyuma ya kiti.

Saa nane tukaanza kupanda. Sitasema gari lilipaa. Lilipanda kama gari zima linavyopanda, kwa gea ya pili, bila kukohoa. Mshale wa joto uliinuka hadi katikati, nami nikauogopa kama nyoka, hadi Mama Chebet aliponiambia hapo ndipo mahali pake. Hita ikaanza kupuliza joto. Tulipofika pale nilipozimikia wiki mbili zilizopita, ukungu ulikuwa vile vile, ila nikagundua kwamba nyuma kumenyamaza kabisa.

Nilikanyaga breki. Nilijua wamekufa wote. Nilikimbia nyuma nikafunua katoni, na nikawakuta wamelaliana, macho yamefumbwa. Mmoja akainua kichwa, akanitazama, akalala tena.

"Wamelala tu," Mama Chebet akasema nyuma yangu.

Tuliwafikisha wote wakiwa hai. Akina mama waliagiza wengine mia tatu wa mwezi ujao.

Saa kumi niliondoka, na kwa mara ya kwanza nilivua sweta ndani ya gari langu. Watu wameniuliza tangu siku hiyo kama plagi za bei zinafaa, na jibu langu ni kwamba zinafaa, kwa injini ambayo haijanyimwa kitu cha msingi. Mafuta nayatumia kidogo kuliko zamani na plagi bado ni zile zile. Filta ya mashindano iko kwenye rafu ya banda la kuku, na kuku hawajaenda kasi zaidi.

Nilipokuwa nikirudi nilipanga maneno ya kumwambia Baba Wambui, na mengine yalikuwa makali. Karibu na Gilgil nikasikia chupa zikibiringika nyuma, zimepoa, hazina kazi. Maneno makali yakaniishia hapo.

Nilimweleza yote jioni hiyo hiyo.

"Na ni mimi nilikuwa nimeshikia fundi tochi," akasema. Kisha, "Kwa hivyo maji hautahitaji tena."

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia vifaranga sasa wanatosheka na hita. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala mapema.

Mwezi uliofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilimsikia jikoni. Alitoka na chupa moja tu, ile ya sweta ya kijani, akaipachika kwenye kiti changu kwa kupapasa.

"Hii ni ya mgongo wako," akasema.

Nilipofika Mbaruk gari lilikuwa na joto hadi natokwa na jasho. Nilifungua dirisha, chupa nikaiacha pale pale.