Sauti ya Mtungini

Mume wa dada yangu alikuwa mpiga udi, nami nilikuwa fundi wa redio pale Ngamiani. Miaka ile ya hamsini vikundi vya taarabu vilijaa Tanga, na ukivisikia kwa mbali huwezi kujua kipi ni kipi. Shemeji hilo lilimkera.

"Nataka mtu aliye barabara ya pili akisikia, ajue ni sisi," aliniambia.

Nikang'oa kinasa sauti kwenye simu mbovu, nikakibandika tumboni mwa udi, waya nikauunga na redio kuukuu iliyotumia betri ya gari. Sauti ikatoka kubwa lakini kali, ya puani. Basi kila baada ya sala ya alasiri tukawa tunaihamisha spika: ndani ya debe, ndani ya kapu la makumbi, mvunguni mwa kitanda. Dada alitucheka hadi akakaa chini. Siku moja shemeji akaleta kutoka kwao Maramba mtungi wa maji wa marehemu mama yake. Tukaitumbukiza spika humo, mdomo tukauziba nusu kwa kanga mbichi. Alipogusa uzi, sauti ikaja nzito, na nyuma yake mwangwi mdogo, kana kwamba udi unaitikiwa na mwenziwe. Alipiga mpaka chai ikapoa.

Watu wakaanza kutualika harusini kwa ajili ya sauti ile.

Katika harusi moja, mpiga fidla mgeni kutoka Mombasa alichungulia mtungini.

"Nyie mnapiga muziki au mnateka maji?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shemeji naye alicheka, akaendelea kukaza nyuzi zake. Mimi ndiye niliyeona haya.

Wiki iliyofuata alikwenda Maramba kuvuna mahindi. Sikumngoja. Nikachonga sanduku la mvule la kutilia spika, nikalitia kitambaa mbele kama redio za dukani. Mtungi nikaupeleka uani. Dada aliponiuliza, nikamwambia umeingia ufa. Haukuwa na ufa wowote. Niliupasua mwenyewe kwa nyundo, nisije nikashawishika kuurudia.

Shemeji aliporudi akapiga mara moja, akasikiliza.

"Sauti safi," alisema. Kisha akauliza taratibu, "Mtungi wa mama uko wapi?"

Nikamweleza ukweli wote. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Nilizunguka sokoni nikanunua mitungi mitatu, yote ikatoa sauti ya bati. Harusi mbili tatu tulipiga na lile sanduku, tukasikika kama wenzetu wote. Halafu akauweka udi juu ya kabati, akamchukua dada wakahamia shambani.

Nilimfuata mara moja tu. Tulikula mihogo, tukazungumza habari za mvua na nguruwe wanaoharibu shamba. Neno "nisamehe" lilinifika ulimini, nikaliteremsha na maji. Dada alinisindikiza hadi njia panda.

"Hapigi tena," alisema. "Wala usimuulize."

Sikumuuliza, na mwaka uliofuata tukamzika.