Nahodha karudi mzima

Jumapili hii. Shemeji Batista, na nyote marafiki,

Leo nimezima runinga wageni wakiwa bado wanaangalia.

Ni ile tamthiliya ya chombo cha angani. Nimejaziwa sizoni ya nne kwenye flashi baada ya misa, majirani wakaja.

Nahodha alikufa mwisho wa sizoni ya tatu. Marehemu mke wangu, Sesilia, alimlilia, akakataa kupika. "Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, Baba Neema. Kaombe ugali kwa jirani."

Nikaenda kweli!

Leo, dakika ya kumi tu, nahodha katoka kwenye mashine ya kufufulia watu, mzima. Hakuna aliyeshtuka. Wakampa silaha, vita vikaendelea.

Jirani yangu, Mama Oswini, akapiga makofi. "Si ufurahi, Baba Neema? Karudi!"

Nikazima.

Sikuwakasirikia, jamani. Nilitaka mtu mmoja tu mle chomboni amshike nahodha mkono, amwambie kwamba walimlilia.

Wageni wameaga polepole. Sasa naona aibu, na nyumba imekuwa kubwa.

Ninyi mngefanyaje?

Shemeji, ukishuka Mbinga, nikumbuke. Piga hodi, hata kama huna la kusema.